Nilifumua mshono wa mama mkwe

Assalaam alaykum Bi Mkubwa,

Mie ni fundi wa charahani, Wete, Pemba. Mwaka wa 19 huu nashonea watu: magauni ya harusi, sare za skuli, mabuibui, kanzu za watoto za Idi. Sijapata kurejeshewa nguo na mteja kwa ubaya wa mshono, na kwa hilo namshukuru Mungu. Nakueleza haya ujue kwamba shida yangu si kutojua kazi.

Binti yangu wa kwanza anaolewa Mfunguo Sita, inshallah. Mwaka jana nilinuia kumshonea mfarishi wa kitanda wa vipande vya kanga, kila mwanamke wa ukoo atoe kanga yake moja. Wakatoa mama yangu, shangazi zake, mawifi zangu, na majirani wawili walionisaidia kulea. Mama mkwe wangu, tunakaa naye nyumba moja, alifungua sanduku lake akatoa kisutu alichoolewa nacho. Wekundu umeshapauka, na kwenye mikunjo nguo imekuwa nyembamba hata mwanga unapita. Akasema, "Hivi vyangu nitavishona mwenyewe, kwa mkono."

Nikakata vipande 80, inchi 9 kwa 9, nipate safu 10 za vipande 8. Nilijipa wiki tatu. Sasa ni mwezi wa 11 na safu zilizosimama ni nne tu.

Kila nikiunga safu mbili, pembe hazikutani. Hii imepitiliza kwa unene wa ukucha, ile imerudi nyuma. Nafumua, nashona, nafumua tena. Safu ya tatu nimeifumua mara sita. Usiku watu wakishalala nakaa chini ya taa ya ukumbini na wembe, na wakati mwengine adhana ya Alfajiri hunikuta pale pale. Majina ya kanga nayo yananitesa, maana kipande cha inchi 9 hakichukui jina zima. Kanga ya mama imeandikwa WEMA HAUOZI, kwenye kipande imebaki MA HAUO. Nimenunua kanga nyengine ya jina hilo hilo nijaribu upya, nayo ikatoka HAUOZ.

Mwanangu mwenyewe alishona safu moja hapo mwanzo, na furaha tele. Ilikwenda kombo. Nikaifumua mbele yake nimwoneshe inavyotakiwa, na tangu siku ile hajagusa sindano.

Sasa la mkwe wangu. Vipande vyake vinane alivishona wiki nzima, amekaa mlango wa uani na miwani yake aliyoifunga kwa uzi. Alipomaliza nikaona mshono una hatua ndefu kama punje za mchele, unapanda na kushuka. Bi Mkubwa, niliogopa. Watu watakuja kutazama chumba cha bibi harusi, watanong'onezana: fundi mzima kamshonea mwanawe hivi? Usiku nikaifumua safu yake yote, nikaipitisha charahani ikanyooka. Asubuhi akaishika, akapitisha kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho. Akasema, "Huu si mkono wangu." Akaikunja, akaiweka juu ya charahani yangu.

Hiyo ni wiki ya tatu leo. Ananisalimu, tunakula sinia moja, lakini alasiri haji tena kukaa na mie ukumbini. Mume wangu hajui kitu.

Chuoni tulifundishwa kwamba Mwenyezi Mungu anapenda mja akifanya kazi aifanye vizuri. Nikiacha makosa nitayaona kila nikiingia chumbani kwa mwanangu. Nifanyeje nimalize? Na mkwe wangu nimwambie nini?

Fundi wa Wete

*

Waalaykum salaam, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliona kwamba mkwe wako umemweka mwisho, baada ya pembe, baada ya majina ya kanga. Mie nitaanza naye, kwa sababu pembe zinaweza kungoja na yeye hawezi.

Mwendee leo hii, usingoje kesho. Usimtume mume wako wala wifi. Na ukifika usimweleze habari ya mshono kunyooka au kutonyooka, wala hofu yako ya watu, maana ukianza kueleza utakuwa unajitetea, naye atakusikiliza kwa adabu na moyo ubaki pale pale. Mwambie: "Mama, nimekukosea. Nilifumua kazi ya mikono yako bila ya kukuuliza, unisamehe." Kisha nyamaza. Akikaa kimya, kaa naye kimya.

Kisutu si kanga kama nyengine, na wewe unalijua hilo kuliko wasomaji wangu wa mbali. Ni ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo pwani yetu yote inatambulikana kuwa ni ya harusi. Mwanamke akikiweka miaka yote hiyo, akakitoa kikatwe, halafu akaomba akishone mwenyewe na macho yake yale, amekwisha kukwambia anachotaka kumpa mjukuu wake. Anataka mkono wake uwemo. Wewe ukabakisha kitambaa ukautoa mkono. Sikwambii kukuumiza, najua hukukusudia. Lakini ndilo lililotokea, na yeye alilisema kwa maneno manne tu.

Sasa usikimbilie kuufumua mshono wako wa charahani ili kumrejeshea wake. Kitambaa kile ni kizee, tundu za sindano zimeshapita mara mbili, ya tatu kitachanika. Uache mshono ulipo, ushike nguvu. Kazi iliyobaki ndiyo kubwa na ndiyo ya mkono. Mfarishi una matabaka matatu: juu vipande, kati blanketi jepesi au pamba, chini shuka. Haya matatu lazima yashikane, la sivyo siku ya kwanza kufuliwa lile la kati litajikusanya pembeni kama uji ulioganda. Charahani yako ya kila siku itahangaika na unene ule. Mkono hauhangaiki. Basi ile safu ya kisutu mpe mkwe wako aishikize yeye, juu mpaka chini, kwa zile hatua zake za punje za mchele. Uzi mweupe, mara mbili, na umtungie wewe sindano sita au saba kwa pamoja azikute tayari zimechomekwa kwenye mto. Hatua zake zitaonekana juu ya kitanda, na ukigeuza mfarishi zitaonekana chini pia. Safu hiyo iweke upande wa kichwani, mkono wa mwanao unapofika anapovuta shuka usiku.

Akikataa, usimlazimishe. Muachie vitu hivyo karibu na mlango wake wa uani.

Sasa tuje kwenye pembe zako. Hapa nazungumza kama fundi kwa fundi, maana naona kosa lilipo, na si kosa la mkono mbovu. Wewe ni mshonaji wa nguo za kuvaa. Fundi wa nguo akimaliza mshono huupasua kwa pasi, nusu huku nusu kule, gauni likae bapa mwilini. Nakisia ndivyo unavyofanya na vipande hivi. Kwa mfarishi usiupasue. Ile robo inchi inayobaki ndani ilaze yote upande mmoja: safu ya kwanza ilaze kulia, ya pili kushoto, ya tatu kulia. Ukija kuziunga, migongo ya mishono inakutana na kukabana yenyewe, utaisikia kwa kidole kwamba imekaa. Pembe nyingi zitakutana hapo bila ya wembe.

Na zile zisizokutana, hesabu hii hapa. Mshono ukipitiliza milimita 1 tu kila upande, umekula milimita 2. Safu yako ina mishono 7, kwa hiyo ni milimita 14, zaidi ya nusu inchi. Hakuna jicho linaloiona milimita 1 wakati charahani inakwenda, na hakuna fundi aliyezaliwa anayeweza kuizuia mara 79. Ndiyo maana safu zako hazilingani urefu, wala hukuzembea popote.

Halafu tazama kanga yenyewe. Kunja yoyote katika hizo ulizopewa katikati, pindo juu ya pindo, uone kama zitalaliana sawasawa. Mara nyingi hazilaliani, kwa sababu chapa haifuati nyuzi za kitambaa sawasawa. Ukiichana kanga kwa mkono inachanika kwa kufuata uzi, na maua yanabaki yamelala upande. Ukiikata kwa kufuata maua, uzi ndio unakwenda upande, na kipande chako kinakuwa na hanamu kidogo. Kitambaa cha hanamu huvutika. Kwa hiyo hapo ni kuchagua, uzi unyooke au ua linyooke, na kwa mfarishi mie nachagua uzi, maana ndio utakaobeba uzito wa kufuliwa.

Nadhani umeshaona ninakokwenda. Kipande chenye hanamu, ukikifumua, kimevutika. Ukikishona tena na kukifumua tena, kimevutika zaidi na ukingo umeanza kutoa nyuzi. Safu ya tatu uliyoifumua mara sita, chukua rula uipime leo. Sitashangaa ukikuta vipande vyake vimeshapita inchi 9. Huo upande unaoufukuza usiku kucha chini ya taa, sehemu kubwa umeutengeneza wewe mwenyewe kwa wembe.

Mie nalijua hilo kwa kulilipia. Kabla ya kuolewa nilimshonea mchumba wangu kofia ya viua. Kila ua lina vijitundu vyake, kila kitundu kinazungushiwa uzi, na kofia moja hula miezi. Kulikuwa na ua moja upande wa nyuma, vitundu vyake viwili vilikaribiana kuliko vyenziwe. Nilikifumua kimoja, nikakishona. Nikakifumua tena. Mara ya nne nguo ikaachia, vitundu viwili vikawa tundu moja la kupitisha kidole. Kofia ya miezi saba. Siku ya akdi alivaa kofia ya dukani, na hakuna siku aliyonilaumu, na mie mpaka leo nikiona kofia nzuri msikitini ikitoka huangalia upande wa nyuma.

Kwa hiyo nakupa kipimo kimoja cha kufumua, na ukishike hicho tu. Kamata vipande viwili, kila mkono kimoja, uvute kwa nguvu kama unavyovuta nguo ya mtoto kabla ya kumpa mama yake. Mshono ukifunguka meno, uzi ukikatika, au ukigeuza nyuma ukakuta iliyobaki ndani ni nyembamba kuliko nusu ya robo inchi, huo ni mshono mbovu. Ufumue bila ya huruma, maana utaachia kwenye beseni. Ukivuta ukashika, basi huo ni mzima, hata ukiwa umekwenda kombo. Uweke chini, uchukue wa pili. Kombo na ubovu ni vitu viwili, mwanangu, na wewe kwa mwaka mzima umeviadhibu sawa. Na kufumua kuwe kazi ya mchana. Baada ya Isha wembe ukae kabatini.

Kuna njia nyengine pia, ya kuziondoa pembe kabisa. Safu sita zilizobaki usizipange pembe kwa pembe. Zipange kama fundi ujenzi anavyopanga matofali, kila kiungo kiangukie katikati ya tofali la chini yake. Safu moja ianze na kipande kizima, inayofuata ianze na nusu na imalize na nusu. Ile yenye nusu mbili itapungua inchi nusu kwa kuwa ina mshono mmoja zaidi, usiihangaikie, mwisho utanyoosha ubavu wote kwa mkasi mmoja. Hapo hakuna pembe inayotakiwa kukutana na mwenziwe.

Maneno yaliyokatika yaache. MA HAUO ni ya mama yako, na kila mwanamke wa Pemba akiliona ataimalizia mwenyewe kichwani. Kwa mtazamo wangu linapendeza kuliko jina zima, lakini hilo ni langu.

Umesema unaogopa watu wataonaje. Nafikiri ndani ya hofu hiyo kuna jambo jengine, ambalo mafundi wengi tunalo: tumefundishwa kwamba kiraka ni cha mwenye shida, sasa ukiweka viraka 80 kitandani kwa bibi harusi unataka viwe vimenyooka mpaka visionekane ni viraka. Lakini kanga yenyewe ilianzia kwenye kuunga. Karne ya 19, hapa Unguja na Mombasa, wanawake walikuwa wakinunua leso za vitambaa vya mraba ambazo hazijakatwa, sita pamoja, wakazigawa tatu tatu, wakaunga vipande viwili ubavu kwa ubavu, wakapata vazi la kujitanda. Hapo ndipo vazi letu lilipotokea. Na ng'ambo ya bahari hii hii, jimbo la Karnataka huko India, wako Wasiddi, watu ambao asili yao ni Afrika. Wanawake wao hushona mifarishi ya nguo kuukuu, wanaiita kawandi. Hawapangi safu kama wewe. Wanaanzia pembeni, wanazunguka kwa mkono kuelekea katikati, kipande kinachofuata kinakatwa kwa nafasi iliyobaki. Katika pembe nne wanapachika vipande vidogo vilivyokunjwa, wanaviita maua, na bila ya hayo kwao mfarishi haujavalishwa. Hakuna mstari ulionyooka mle, na watu wanavuka bahari kwenda kuitazama.

Wateja wako usiwahusishe na hili. Gauni la mteja lina kipimo cha mwili wake na pesa yake, lishone kama ulivyozoea, unyooshe mpaka mwisho.

Na lile la chuoni ni kweli, nami nalishika. Kazi ifanywe vizuri. Lakini kazi isiyokwisha haijafanywa vizuri, na kazi iliyomfanya bibi wa watu aache kukaa ukumbini mwake alasiri ina dosari kubwa kuliko pembe yoyote. Ukamilifu ni wa Mwenyezi Mungu. Wapo wanaosema fundi aweke kosa moja makusudi ili kulikiri hilo. Mie sioni haja, yanakuja yenyewe, na sisi tuyapokee tu.

Mfunguo Sita si mbali. Tenga siku tatu kwa wiki, alasiri, ukumbini, mkeka chini na mlango wazi. Ukimaliza kuunganisha, usishikize matabaka peke yako. Waite hao shangazi na mawifi waliotoa kanga, kila mmoja ashikize kipande chake, kwa hatua zake. Mmoja hatua zitakuwa fupi, mwengine ndefu, na yuko atakayevuta uzi nguo ikajikunja. Wewe kazi yako ni kahawa na kashata. Wakishaondoka usikae na mfarishi peke yako usiku huo. Ukunje uupeleke chumbani kwa mkwe wako ulale huko.

Kisha ufue mara moja kabla ya harusi, maji ya baridi, sabuni kidogo, uanike kivulini ukiwa umetandazwa juu ya kamba mbili usining'inie ukavutika. Pamba itarudi kidogo, nguo yote itafanya vikunjo vidogo vidogo, na nusu ya makosa unayoyajua kwa majina hutayapata tena. Usiupige pasi.

Na safu ya mwisho, ya miguuni, usiiguse. Mwite mwanao, mpe vipande vinane, sindano na uzi, achague rangi ya uzi mwenyewe. Umuombe msamaha yeye pia, kwa ile safu uliyoifumua mbele yake. Akianza kushona, inuka uende jikoni, na usirudi mpaka akuite.